NANI ANACHORA RAMANI YA URITHI WETU?
Upimaji wa kutoka angani na historia ya wavujajasho

UTANGULIZI

Moja ya silaha kubwa za ukoloni ilikuwa kumfanya Mwafrika aamini kwamba hana historia. Silaha hiyo haikuhitaji risasi. Ilihitaji shule, kitabu na ramani. Shule ilimfundisha mtoto majina ya wafalme wa Ulaya. Kitabu kilimwambia kwamba kila jengo la mawe lililokutwa Afrika lilijengwa na wageni. Ramani nayo ilimwonyesha nchi yake kama uwanja mtupu uliokuwa ukisubiri kugawanywa. Walowezi wa Rhodesia waliishikilia kasumba hiyo hadi siku zao za mwisho: walikataa kukiri kwamba Zimbabwe Kuu ni kazi ya mikono ya Waafrika, ijapokuwa wataalamu walikwisha kulithibitisha jambo hilo miaka mingi kabla ya uhuru wa mwaka 1980.

Sisi tulipopata Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kutambua kwamba taifa lisilojua lilikotoka haliwezi kujitawala kifikra. Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, ikapitishwa Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo ilirekebishwa mwaka 1979. Lakini sheria hulinda kile kinachojulikana kwamba kipo. Je, tunajua nini kipo? Kipo wapi? Kina ukubwa gani? Na kilijengwa na akina nani?

Makala haya yanaeleza chombo kimoja cha sayansi kinachosaidia kujibu maswali hayo, yaani upimaji wa kutoka mbali: picha za ndege, picha za setilaiti, miale ya leza, na uchoraji wa ramani kwa kompyuta. Hoja yetu kuu ni hii. Mabaki yanayoonekana kwa urahisi kwa kawaida ni mabaki ya wenye nguvu: kasri, msikiti mkubwa, ngome, kaburi la sultani. Kazi ya umma, yaani shamba, mfereji na nyumba ya udongo, hufichwa na nyasi, mchanga na wakati. Chombo hiki kina uwezo wa kuifichua kazi hiyo. Lakini hakitaifichua chenyewe; inategemea kimeshikwa na nani, na kinaulizwa swali gani.

CHOMBO KILIZALIWA WAPI

Hakuna chombo kinachoshuka kutoka mbinguni, hata kile kinachofanya kazi angani. Kila chombo huzaliwa katika jamii fulani, kutokana na mahitaji ya wale waliokuwa na uwezo wa kukigharamia.

Upigaji wa picha kutoka ndegeni ulikua haraka katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, kwa ajili ya kutafuta mahandaki na mizinga ya adui. Mwingereza O.G.S. Crawford alikuwa mtazamaji wa ndegeni katika vita hivyo. Vita vilipokwisha alitambua kwamba jicho lililoweza kuona handaki la askari laweza pia kuona handaki la watu wa kale lililofukiwa na jembe, na mwaka 1928 akatoa, pamoja na mwenzake Alexander Keiller, kitabu cha picha za namna hiyo. Wakati huohuo Mfaransa Antoine Poidebard alikuwa akiruka juu ya jangwa la Syria kwa ndege za jeshi la Ufaransa, nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Wafaransa, na kupiga picha za barabara na ngome za Warumi. Tazameni uhusiano ulivyo: dola moja ilikuwa ikitafuta alama za dola iliyoitangulia.

Hali haikubadilika tulipoingia zama za setilaiti. Kati ya mwaka 1960 na 1972 Marekani ilirusha setilaiti za ujasusi zilizoitwa Corona, ambazo zilipiga picha kwa filamu na kuidondosha duniani. Picha hizo zilikuwa siri hadi mwaka 1995. Zilipofunguliwa, wachunguzi wa mambo ya kale walizikimbilia, kwa sababu zilionyesha ardhi kabla haijafunikwa na mabwawa, miji na mashamba makubwa ya miongo iliyofuata. Mwaka 1972 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya Landsat, kwa ajili ya kupima mali ya asili ya dunia, na tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bila malipo.

Fundisho la historia hiyo ni nini? Asili ya chombo haitoshi kutufanya tukikatae. Bunduki iliyotekwa kwa mkoloni ilitumika kumtoa mkoloni. Lakini anayekipokea chombo bila kujua kilitengenezwa kwa kazi gani ataendelea kufanya kazi ileile ya bwana wa kwanza huku akidhani anafanya yake.

KINAVYOFANYA KAZI

Kada hawezi kueleza jambo asilolielewa. Kwa hiyo tuchambue kanuni zenyewe, ambazo si ngumu.

Kwanza, kivuli. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hata tuta lenye kimo cha kiganja hutupa kivuli kirefu. Mtu anayetembea juu ya tuta hilo haoni kitu. Aliye angani huona mstari.

Pili, mimea. Mahali palipofukiwa ukuta, udongo ni haba, na mmea hunyauka mapema. Mahali palipokuwa na handaki au mfereji, udongo una kina na unyevu, na mmea hustawi. Kiangazi kinapoanza, shamba zima hugeuka kuwa ramani ya kile kilicho chini yake. Aidha, mmea wenye afya hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Kamera ya setilaiti huuona, na hivyo huweza kutofautisha mmea uliochoka na ule ulioshiba hata kabla rangi yake haijabadilika.

Tatu, ukubwa wa punje ya picha. Kila picha ya setilaiti imegawanywa katika miraba midogo iitwayo pikseli, na kila mraba una rangi moja tu. Pikseli ya Landsat ina upana wa mita 30. Mfereji wenye upana wa nusu mita umemezwa humo. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina pikseli za mita 10. Setilaiti za kibiashara zilizoanza mwaka 1999 zilifikia mita 1, na zilizofuata zimeshuka chini ya hapo. Lakini picha zake huuzwa. Ndege ndogo isiyo na rubani, ikiruka chini, huweza kuona jiwe mojamoja. Kwa hiyo anayeuliza juu ya mto na tambarare atatosheka na picha ya bure. Anayeuliza juu ya ukuta wa shamba anahitaji picha kali zaidi.

Nne, miale ya leza, ambayo wataalamu huiita laida. Chombo kilicho ndegeni hutuma mapigo ya mwanga chini na kupima muda wa kurudi kwake. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa mita 900 juu, pigo huenda na kurudi kwa sehemu sita za milioni moja ya sekunde. Mapigo mengi huishia kwenye majani, lakini machache hupenya hadi ardhini. Kompyuta huyatenga hayo ya ardhini, na msitu huondoka katika picha kama pazia linalovutwa. Kwa njia hiyo, huko Suikerbosrand karibu na Johannesburg, watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walionyesha kwamba magofu ya Kweneng, yaliyokuwa yakidhaniwa kuwa maboma machache yaliyotawanyika, ni mji mmoja wa Watswana wenye makazi yapatayo 800, uliodumu tangu karne ya 15 hadi miaka ya 1820. Makaburu walifundisha kwamba waliikuta nchi tupu. Leza imewakanusha.

Mwisho, habari zote hizo hukusanywa katika mfumo wa ramani wa kompyuta. Ufikirie kama karatasi nyembamba za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: moja ina mito, ya pili udongo, ya tatu magofu, ya nne mipaka ya vijiji, ya tano barabara inayotarajiwa kujengwa. Ukizitazama kwa pamoja unaona mahali zinapogongana. Hapo ndipo sayansi inapokutana na siasa.

ENGARUKA: MAJI, MAWE NA KAZI

Sasa tuje nyumbani. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, mto Engaruka hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kuingia katika tambarare kame. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 na kuona mawe yaliyopangwa. Mwaka 1913 akaja Hans Reck, na mwaka 1935 Louis Leakey. Leakey alitazama wingi wa mawe yaliyopangwa, akayahesabu mengi kuwa nyumba, na kukadiria mji wa watu kati ya 30,000 na 40,000.

Ilichukua muda kuelewa kwamba sehemu kubwa ya mawe yale haikuwa mji. Ukiwa chini, katikati ya miiba, unaona rundo la mawe, kisha rundo jingine. Picha za kutoka angani zinaonyesha mpango mzima: mifereji inayotoka kwenye mto na vijito, ikifuata mwinuko wa ardhi, ikigawanyika katika matawi, na kulisha vipande vya mashamba vilivyozungushiwa mawe. Vijiji vilikuwa juu ya miteremko, kwenye matuta yaliyochongwa na kujengewa mawe. Bondeni palikuwa mashamba, yakienea katika hekta zipatazo 2,000, yaani karibu ekari 5,000. Makadirio ya watu yalishuka hadi maelfu machache. Je, Engaruka imepungua thamani kwa hesabu hiyo? Hata kidogo! Imepanda. Badala ya mji wa ajabu usioelezeka, tumepata wakulima wachache waliojenga, kati ya karne ya 15 na ya 18, mfumo wa umwagiliaji uliolisha vizazi.

Kisha sayansi ikashuka tena ardhini. Uchunguzi wa udongo uliochapishwa mwaka 2017 na Carol Lang na Daryl Stump ulionyesha kwamba baadhi ya mashamba yale hayakulimwa tu, yalitengenezwa. Watu walipanga mistari ya mawe, wakaelekeza maji yenye tope, tope likatuama nyuma ya mawe, na msimu baada ya msimu udongo wenye rutuba ukajengeka. Mbegu za mtama zilizochimbuliwa zinaeleza walichopanda. Mazizi ya mawe yanaonyesha kwamba walifuga, na inaelekea samadi ilirudi shambani. Huo ni utaalamu wa hali ya juu, na wenyewe hawakuwa na mhandisi kutoka Ulaya.

Hapa lakini kada awe mwangalifu. Engaruka hapajapatikana kasri wala ikulu, na wapo wanaorukia kutangaza kwamba huo ulikuwa ujamaa mkamilifu. Picha inaonyesha mfereji. Haionyeshi ni nani aliyefunguliwa maji kwanza. Kwa hilo inabidi tuwaulize watu wanaomwagilia kwa mifereji ya asili. Wasonjo, ambao baadhi ya wataalamu wanawahusisha na watu wa Engaruka, walikuwa na baraza la wazee, wenamiji, lililogawa maji. Wazee hao walikuwa na haki ya kwanza, na wengine walipata zamu kwa kutoa malipo. Kulikuwa na ushirikiano, na ndani ya ushirikiano huo kulikuwa na wenye nafasi na wasio na nafasi. Uchambuzi wa kisayansi hukubali mambo yote mawili. Kuipamba historia ni kasumba nyingine, iliyovaa nguo zetu.

SONGO MNARA: KILE AMBACHO JIWE LINAFICHA

Engaruka ni historia ya bara. Pwani inatupa mfano wa pili, ambao swali la tabaka limejitokeza wazi zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yalitiwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyahifadhi kufanyika.

Mgeni anayefika Songo Mnara huona nyumba za mawe ya matumbawe zenye vyumba vingi, misikiti, makaburi na ukuta wa mji. Anarudi kwao akisema kwamba Waswahili wa kale walikuwa matajiri waliokaa katika majumba. Lakini nani aliyechimba matumbawe? Nani aliyechoma chokaa? Nani aliyepika, aliyevua, aliyesokota pamba? Waliishi wapi?

Kuanzia mwaka 2009, watafiti wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walizipima sehemu zilizoonekana kuwa viwanja vitupu ndani ya mji huo. Walitumia kipimo cha sumaku, ambacho hutembezwa juu ya ardhi na kutambua tofauti ndogo zinazoachwa na moto, majivu na udongo uliochomwa. Walichukua pia vipande vya udongo ili kupima kemikali zake. Katika sehemu mojawapo ya viwanja hivyo, vipimo na uchimbaji vilionyesha mabaki ya nyumba za miti na udongo.

Jiwe hudumu, udongo huyeyuka. Kwa hiyo anayesoma historia kwa magofu peke yake anaisoma kwa macho ya mwenye jumba. Kipimo kinachoona chini ya ardhi kimemrudisha mjini yule aliyefutwa. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambalo sayansi hii inaweza kuupa umma wetu.

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuabudu mashine. Anayeketi mbele ya kompyuta Dar es Salaam au London akaona duara katika picha anaweza kuliita boma la kale, kumbe ni zizi la mwaka jana. Kila alama ya angani ni swali, na jibu lake linapatikana kwa miguu, kwa koleo, na kwa kinywa cha mzee anayejua jina la mahali. Mchungaji wa Engaruka anayepita kwenye mawe yale kila siku ni sehemu ya utafiti. Asifanywe mbeba mizigo wa watafiti.

Kosa la pili ni kuikataa mashine kwa kisingizio cha kutetea mila. Wapo wanaosema: haya ni mambo ya wazungu, sisi tunazo simulizi zetu. Simulizi ni hazina, lakini hazipimi hekta 2,000. Anayeukataa upimaji anawaachia wengine wapime, kisha atanunua kutoka kwao habari za nchi yake mwenyewe.

PICHA NI MALI YA NANI?

Kwa muda mrefu mtafiti alikuja, akapima, akaondoka na filamu yake, na kijiji kikabaki na mashimo. Siku hizi anaweza hata asije. Hiyo ni hatari mpya: malighafi ya elimu kusafirishwa nje bila hata kupita bandarini.

Lakini uwezo wa kujitegemea upo. Mwaka 1975 nchi za Afrika zilianzisha Nairobi kituo cha pamoja cha upimaji na ramani, chini ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambacho sasa huitwa RCMRD, na Tanzania ni mwanachama. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi walichora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Kuanzia mwaka 2016 vijana wa Zanzibar walirusha ndege zisizo na rubani kupima visiwa vya Unguja na Pemba. Kijana anayeweza kuchora mtaro wa Tandale hashindwi kuchora mfereji wa Engaruka.

Hata hivyo umiliki una wajibu wake. Katika sehemu nyingi za nchi wapo watu wanaochimba usiku wakitafuta dhahabu eti iliyofichwa na Wajerumani. Huko Kondoa uchimbaji huo umeharibu hata maeneo ya michoro ya miambani. Ramani kamili ya magofu ikizagaa ovyo, itakuwa mwongozo wa wachimbaji hao. Kwa hiyo ramani iwe mikononi mwa umma kupitia vyombo vyake, yaani kijiji, halmashauri na idara inayohusika, na ufafanuzi wake ufundishwe shuleni bila kutangaza vipimo vya kila shimo.

KAZI ZA KADA

Nadharia bila vitendo ni maneno matupu. Tunapendekeza mambo manne.

(a) Mpango wa matumizi ya ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye sauti. Kijiji kinapochora mpango wake, magofu, makaburi ya kale, michoro ya miambani na mifereji ya asili viingizwe katika ramani ileile inayoonyesha malisho, mashamba na makazi. Kisichokuwamo katika ramani hakimo katika mjadala.

(b) Miradi mikubwa. Nchi inahitaji viwanda. Katika bonde la Engaruka, Shirika la Maendeleo la Taifa limefanya utafiti wa magadi soda, na huo ni utajiri wa taifa. Mabaki ya kale nayo ni utajiri wa taifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ifanywe kabla ya mradi. Kada adai kwamba katika tathmini hiyo urithi wa kale upimwe na kuchorwa mapema, kabla barabara haijakatwa, ili viwili hivyo visigombane. Ramani ya siku moja kabla ya tingatinga ni kinga. Ramani ya siku moja baadaye ni cheti cha kifo.

(c) Shule. Picha za setilaiti za bure zitumike katika somo la jiografia na historia. Mwanafunzi akitafuta kijiji chake katika picha, kisha akaenda kuthibitisha kwa miguu alichokiona, amejifunza sayansi, historia na uraia kwa pamoja.

(d) Watafiti. Mtafiti yeyote, wa ndani au wa nje, anapofika kijijini, aulizwe maswali matatu: Mtu gani wa hapa atajifunza kazi hii? Nakala ya ramani itabaki wapi? Matokeo yatasomwa kwa lugha gani? Kijiji kinachouliza hivyo hakimfukuzi mgeni. Kinamfanya awe mshiriki.

HITIMISHO

Mkoloni alitutazama kutoka juu akaona uwanja mtupu, kwa sababu hakutafuta watu, alitafuta ardhi. Leo tunaweza kuitazama nchi ileile kutoka juu zaidi na kuona mistari ya mawe iliyopangwa na mikono ya wakulima, na alama za nyumba za udongo za watu ambao hakuna mwandishi aliyeyaandika majina yao. Wavujajasho hawa hawakuacha maandishi. Waliacha kazi, na kazi yao inasomeka.

Kazi ya kuisoma ni ya wataalamu na wananchi kwa pamoja. Kazi ya kuilinda inaanza katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, siku ramani ya matumizi ya ardhi inapotandazwa mezani na mwenyekiti anapouliza kama kuna kitu kilichosahaulika. Kada ahakikishe kwamba siku hiyo kuna mtu wa kunyoosha mkono.